Matembezi ya usiku Amani: mwongozaji anayestahili malipo yake

Wapiga picha wengi wa Tanga huipita Muheza wakiwahi mbuga za kaskazini, ilhali Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 katika milima ya Usambara Mashariki, ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Huduma ninayoitathmini hapa ni matembezi ya usiku ya kutafuta vinyonga, yanayoongozwa na kijana wa kijiji cha jirani.

Kinyonga akilala rangi yake hupauka, naye hupenda kulala kwenye ncha ya tawi jembamba, kwa hiyo mwanga wa tochi ukipita juu ya majani huonekana upesi kuliko mchana. Urahisi huo ndio unaomponza, kwani mtu yeyote anaweza kumbandua tawini, kumpachika juu ya ua zuri na kumpiga picha. Mwongozaji wetu alitueleza masharti kabla hatujaondoka: hakuna kugusa mnyama, hakuna kukata tawi, na hakuna kukaa mbele ya mnyama mmoja zaidi ya dakika chache.

Tulipomkuta dume la kinyonga mwenye pembe tatu, jani moja lilikuwa limeziba sehemu ya uso wake. Mwenzangu aliponyoosha mkono alivute, mwongozaji alimwambia kwa upole, "Kaka, tawi likitikisika ataamka na kujiachia chini. Sogea wewe." Tukasogea, tukapiga magoti kwenye tope, na picha niliyoipata, ambayo jani hilo limekata pembe moja, inamwonyesha mnyama jinsi alivyolala hasa. Hapo ndipo nilipouona ubora wa huduma hii. Alikataa pia kuwaita bundi kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu, akisema kwamba ndege huacha kuwinda au kuatamia ili amkabili mpinzani ambaye hayupo.

Linganisheni na nyumba ya wageni tuliyofikia, ambayo sitaitaja, ambako mhudumu alijitolea kutuletea kinyonga mezani wakati wa chai ya asubuhi. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ukamataji ni kosa la wafanyabiashara peke yao. Lakini mgeni anayelipia picha ya mezani naye anamtafutia mkamataji kazi.

Upungufu niliouona ni mmoja. Njia ni nyembamba, na kundi likizidi watu wanne, walio nyuma huona migongo ya wenzao tu, hivyo ingefaa idadi iwekewe kikomo. Vaeni viatu vya kushika utelezi, kubalianeni malipo mapema, na mkichapisha picha zenu mtandaoni msitaje mahali hasa mnyama alipokuwa.