Viroboto kwa kitoto cha paka: dawa za rafuni Tanga, ipi ununue na ipi uiache

Ukiulizia dawa ya viroboto katika duka la dawa za mifugo mjini Tanga, usishangae kukabidhiwa chupa ya kuogeshea ng'ombe. Muuzaji hana nia mbaya. Mkoa huu una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, na rafu zimepangwa kwa ajili ya mtu anayehangaika na kupe na ndigana kali. Mwenye kitoto cha paka cha nusu kilo hakuhesabiwa. Kwa hiyo dawa zinazouzwa na zinazoweza kuagizwa tumezipima hapa kwa swali moja: zinamfaa paka mchanga aliyetoka kuokotwa mtaani, awe wa Ngamiani au wa Raskazone?

Kabla ya kutoa pesa, mpime. Mizani ya duka la nafaka inatosha: mtie kwenye kikapu, soma uzito, kisha toa uzito wa kikapu. Kitoto cha wiki nne huwa na gramu 400 hivi, cha wiki nane hukaribia 800 au 900. Mtoto wa mtaani mara nyingi yuko chini ya hapo, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Bila uzito hakuna dozi, na muuzaji anayekupimia dawa bila kuuliza uzito wala umri wa paka, mshukuru, uondoke.

Haraka ya jambo hili iko kwenye damu. Kitoto cha gramu 500 kina damu ya mililita 30 hadi 35 tu mwilini, yaani vijiko sita au saba vya chai. Viroboto majike 72 hunywa mililita moja hivi kwa siku. Mfunue mdomo utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, una nafasi ya kufanya haya yote nyumbani. Ukiwa mweupe, au paka amelegea na mwili wake ni wa baridi, acha habari za maduka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa chupa zenyewe. Geuza lebo utafute jina la kiini, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, maana jina la kibiashara halikuambii kitu. Ukiona permethrin, cypermethrin, alphacypermethrin au deltamethrin, rudisha. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja sumu hizi kama linavyofanya la mbwa au ng'ombe, kwa hiyo zinabaki mwilini na kushambulia neva. Dalili huanza ndani ya saa chache, wakati mwingine zaidi: masikio na ngozi kucheza-cheza, kutetemeka, kuyumba, kisha degedege. Kuichanganya kwa maji mengi "kwa sababu ni mdogo" si suluhisho. Dawa za matone za mbwa ni mbaya zaidi, kwani nyingine zina permethrin ya asilimia 45 na kuendelea, na tone lililokusudiwa mbwa linaweza kuua paka mzima. Kama mtu ameshampaka, mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike, kimbia kwa daktari. Maji ya moto yasitumike, yanaongeza damu kwenye ngozi na dawa inaingia zaidi.

Amitraz nayo iache, vivyo hivyo dawa za jamii ya organofosfati, kama diazinon. Unga wa kopo lenye matundu usiupokee kwa kuambiwa tu kuwa ni "wa wanyama wote": soma kiini chake, na ukumbuke kwamba paka hujilamba mchana kutwa, kila kilichobaki kwenye manyoya kitaishia tumboni.

Sindano ya ivermectin ndiyo ushauri unaotolewa kirahisi kuliko yote, na kwa viroboto ni pesa iliyotupwa. Inafaa kwa utitiri na baadhi ya minyoo, lakini kiroboto wa paka haimwumizi kiasi cha maana. Halafu kuna hesabu. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, kitoto cha gramu 500 kinahitaji mililita 0.01, yaani uniti moja ya bomba la insulini. Kwa bomba la kawaida la mililita 5 kiasi hicho hakionekani kabisa, na mkono ukizidi kidogo tu dozi imekuwa mara kumi.

Kilicho bora kuliko vyote kwa wiki ya kwanza hakiuzwi kwenye duka la mifugo. Ni kitana cha chawa na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Chagua kitana cha chuma chenye meno yaliyobanana; cha plastiki meno yake hupanuka na kiroboto anapita katikati. Weka bakuli la maji ya sabuni pembeni, chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, ukikazania nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kwapani na kwenye shina la mkia, na kila mchano uzamishe kitana bakulini. Sabuni hupunguza mkazo wa uso wa maji, ile nguvu inayombeba mdudu juu, ndiyo maana kiroboto anazama. Kwenye maji matupu ataelea na kuruka. Vijipunje vyeusi utakavyochana viweke juu ya tishu iliyoloa. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu iliyosagwa, kinyesi cha kiroboto, na una uhakika kwamba wapo hata kama hujamwona mmoja.

Kuogesha kunafaa kuanzia wiki nne hivi, kama paka ana nguvu. Anza kwa kuzungushia povu shingoni. Viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani, na pete hiyo ya povu huwazuia. Wengi huiruka hatua hii kisha wanashangaa macho ya paka yamejaa viroboto. Mwili utie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kichwa kibaki nje, acha povu likae dakika tatu hadi tano, suuza vizuri. Kisha taulo, na taulo la pili. Joto la Tanga lisikudanganye: kitoto kilicholoa hupoa haraka hata mwezi wa Februari, na baridi huua upesi kuliko viroboto wenyewe. Walio chini ya wiki nne wachane tu, na kitambaa chenye unyevu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haibakizi kinga yoyote. Kesho wataruka wengine kutoka sakafuni.

Kwa kinga inayobaki, cha kwanza kutafuta ni dawa ya kupuliza yenye fipronil ya asilimia 0.25, kama Frontline Spray. Lebo yake ya Uingereza inaruhusu hata vitoto vya siku mbili, jambo ambalo dawa chache zinaweza kudai. Kipimo ni mililita 3 hadi 6 kwa kilo. Chupa ya mililita 100 hutoa nusu mililita kwa kila mbonyezo, hivyo gramu 500 ni mibonyezo mitatu hadi sita. Chupa ya mililita 250 hutoa mililita 1.5 kwa mbonyezo mmoja. Hapo ndipo watu huzidisha, maana wanahesabu mibonyezo ile ile. Vaa glavu, toka kibarazani, pulizia kinyume cha manyoya hadi ngozi ilowe, na usoni paka kwa kidole cha glavu bila kugusa macho. Ndani yake mna spiriti, kwa hiyo iwe mbali na jiko la mkaa na sigara, na paka akae kwenye joto mpaka akauke kwani spiriti inapoza mwili. Akidondosha mate baada ya kujilamba, huwa ni ladha tu na hupita. Usitumie chupa hiyo kwa sungura, inaweza kumuua. Na usikubali "fipronil ileile" ya mchwa au ya shambani: yenye gramu 50 kwa lita ni kali mara 20 kuliko ya kupuliza, na vimiminika vilivyochanganywa humo havikutengenezwa kwa ngozi ya mnyama.

Selamectin ya matone ya kisogoni ni nzuri zaidi lakini hutaikuta kila duka. Mwambie muuzaji aagize. Kichupa cha miligramu 15 ni kwa paka asiyezidi kilo 2.5, kuanzia wiki sita au nane kutegemea lebo, na hulinda mwezi mzima. Faida yake kwa paka wa mtaani ni kwamba inashughulikia pia utitiri wa masikio, minyoo ya duara na safura. Gawa manyoya kati ya shina la kichwa na mabega, mwaga kwenye ngozi, si juu ya manyoya. Imidacloprid, ya matone pia, huanzia wiki nane. Kidonge cha nitenpyram, ukikipata, huanza kuua ndani ya nusu saa, ila kinahitaji paka wa wiki nne na takriban kilo moja, na kesho yake nguvu imekwisha.

Kola tumezipa alama ya chini. Nyingi za bei nafuu huua viroboto wa shingoni tu, na kitoto hunasa taya au mguu wa mbele ndani yake. Mafuta ya taa huunguza ngozi na yakilambwa huingia mapafuni. Mafuta ya karafuu, ambayo huku pwani kila nyumba inayo, yana eugenol, jamii ya fenoli ambazo ini la paka linashindwa kuzitoa. Harufu nzuri si ushahidi.

Wanaolalamika kwamba dawa "haikufanya kazi" mara nyingi hawakugusa nyumba. Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo, asilimia 5 hivi. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko ambamo buu hugeuka kiroboto. Jike hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na hayagandi kwenye manyoya, humwagika kila paka anapolala. Mabuu hufa hewa ikiwa kavu, unyevu chini ya asilimia 50, lakini pwani yetu unyevu haushuki hivyo, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Hukimbia mwanga na kujichimbia kwenye nyufa za saruji, chini ya jamvi, na hasa kwenye mazulia na mikeka ya katani, ambayo Tanga haikosekani. Nyuzi zake nene ni maficho kamili. Toa nje, kung'uta, anika jua la saa sita, geuza, anika tena. Vitambaa vya paka fua kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki. Piga deki hadi pembeni na chini ya vitanda.

Ukinunua dawa ya kupuliza nyumba, tafuta yenye pyriproxyfen au methoprene, zinazozuia mayai na mabuu yasikue. Nyingi huchanganywa na permethrin, kwa hiyo paka asirudi ndani mpaka sakafu ikauke kabisa. Kifuko hakipitishi dawa; aliyemo anaweza kukaa miezi, akisubiri joto na mtikisiko wa hatua. Ndiyo maana utaona viroboto wapya wiki ya pili na ya tatu. Usibadilishe dawa, rudia kwa ratiba kwa miezi mitatu. Na kama nyuma ya nyumba kuna banda la mbuzi, likague nalo: kiroboto wa paka hamchagui mwenyeji, na banda moja linaweza kuijaza nyumba upya kila wiki. Mbuzi yeye anaweza kutibiwa kwa baadhi ya zile chupa za rafu ya ng'ombe, mradi kitoto kisilale naye mpaka akauke.

Kitu cha mwisho cha kuongeza kwenye oda ni praziquantel, dawa ya minyoo ya tegu. Paka anayemeza kiroboto humeza tegu pamoja naye, na baada ya wiki kadhaa utaona vipande kama punje za mchele karibu na mkundu. Selamectin haimgusi tegu. Mpe dawa hiyo viroboto wakishadhibitiwa, si kabla, la sivyo utainunua tena.