Kujaribu Huduma za REST Bila Kuwasha Seva: Uchukue Kipi?

Zana tatu za Java ninazozipanga hapa, za kujaribu huduma za REST (zinazoitwa kwa anwani za HTTP), hazina bei ya fedha; unacholipa ni muda wa kuziunganisha na makosa zinazoweza kukuficha. Zote hutengeneza ombi ndani ya kumbukumbu, zikalipeleka kwenye msimbo wako na kurudisha jibu bila kufungua poti (mlango wa mtandao), kwa hiyo hakuna hata moja itakayokujaribia TLS (usimbaji wa mawasiliano) au mtandao uliokatika. Zaidi ya hayo, kila moja ni ya fremuweki yake (msingi wa msimbo ambao programu hujengwa juu yake), na sioni sababu ya mtu kuhama fremuweki kwa ajili ya zana ya majaribio.

Ya kwanza ni MockMvc, iliyoingizwa katika Spring Framework 3.2. Ombi hupita kwenye DispatcherServlet halisi, sehemu ya Spring inayopokea maombi na kuyagawa, hivyo anwani, ukaguzi wa data na ugeuzaji wa JSON (data iliyoandikwa kama matini) vyote hupimwa, na kwa kuwa jaribio na huduma huendeshwa katika uzi mmoja (thread), @Transactional, alama ya kuendesha kazi ndani ya muamala wa hifadhidata, ikiwekwa kwenye jaribio huirudisha hifadhidata ilivyokuwa. Faida hiyo ndiyo pia mtego wake: muamala ukiwa bado wazi, data iliyoahirishwa kusomwa hupatikana bila taabu, ilhali programu ikishaanza kutumiwa huenda ukakutana na LazyInitializationException, yaani hitilafu ya kusoma data hiyo baada ya muunganisho wake kufungwa. Vilevile, hitilafu isiyoshughulikiwa hairudi kama jibu la 500 bali huangukia jaribio lenyewe, kwa sababu hakuna kontena la servleti (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) la kuipeleka kwenye /error, anwani ya ukurasa wa makosa.

Ya pili ni InMemoryTestContainerFactory ya Jersey, fremuweki nyingine ya REST. Unarithi darasa la JerseyTest, unasajili rasilimali (darasa linalojibu maombi) ndani ya configure(), kisha unaandika target("bidhaa/7").request().get() kama mteja mwingine yeyote. Haina HttpServletRequest, yaani ombi kama linavyotolewa na kontena la servleti, na rasilimali inayoitegemea itakwama. Itaje wazi katika getTestContainerFactory(), kwani ukisahau, na Grizzly, seva ya HTTP, ikawamo miongoni mwa maktaba za mradi, utakuwa umewasha seva kwenye poti 9998 huku ukijiaminisha kwamba hujawasha kitu.

MockDispatcherFactory ya RESTEasy, fremuweki ya tatu ya REST, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote: unaita createDispatcher(), unasajili rasilimali, unatuma MockHttpRequest na kusoma MockHttpResponse. JSON ya kutuma utaiandaa mwenyewe kama matini, na ya jibu utaichambua mwenyewe. Kwa huduma yenye anwani tatu nne si mzigo, lakini zikifika arobaini utachoka.