Wikiendi Paris na mama mwenye magoti mabovu: uzoefu wangu

Mi naishi Köln, Ujerumani, mama kaja kutoka Tanga kunitembelea, sa nikaona wikiendi moja tusikae tu ndani tunaangalia mvua, twende Paris. Treni ya Eurostar, ile zamani ikiitwa Thalys, inatoka Köln moja kwa moja mpaka stesheni ya Gare du Nord, Paris, masaa matatu na kidogo hivi, hakuna mambo ya eapoti, unapanda na mizigo yako na chakula chako (mama alibeba vitumbua na chupa ya chai ya tangawizi, behewa zima likanukia). Ukikata tiketi mapema bei inavumilika, ukingoja wiki ya mwisho utalia. Paspoti beba hata kama mzazi ana viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya Ujerumani, polisi wanaweza kupita wakakagua. Na ndugu zetu wa Uingereza, viza ya huko haimwingizi mama yako Ufaransa, lazima Schengen.

Hoteli sasa. Jina naliacha. Iko karibu na stesheni, mtandaoni wameandika lifti ipo, na kweli ipo, ila inaanzia ghorofa ya kwanza, yani ili uifikie lifti unapanda kwanza ngazi nyembamba za kuzunguka, mama huku kashika goti. Kijana wa mapokezi nilipomuuliza akainua mabega tu. Chumba nacho kidogo mpaka ikabidi sanduku lipande kitandani ndo mama apate pa kutandika mswala. Usafi poa, maji moto yapo, lakini ukiwa na mzazi piga simu kabisa uulize lifti inaanzia wapi.

Metro, treni za chini ya ardhi, watu wanaisifia, na ni kweli iko kila kona, ila ni ya mwaka 1900 na stesheni nyingi hazina lifti, unapanda ngazi, korido, unashuka ngazi, korido tena. Laini ya 14 ndo mpya, hiyo ina lifti kila kituo. Tulipotoka juu mama kakaa kwenye benchi akasema "mwanangu, mi nimekuja kutembea, sikuja jeshini." Basi tukahamia kwenye mabasi, na hapo ndo raha ilipoanza jamani. Basi namba 69 linaanzia Champ de Mars pale karibu na mnara wa Eiffel, linapita makumbusho ya Orsay, Louvre, jengo la manispaa, Bastille, mpaka makaburi ya Père Lachaise, kwa nauli ya basi la kawaida, yuro 2 hivi, wakati yale mabasi ya watalii yanakukamua hela za maana. Mama dirishani anahesabu maduka ya mikate. Kila mtu awe na kadi yake ya nauli, inaitwa Navigo Easy, kadi yenyewe ni yuro 2, hamwezi kugonga kadi moja watu wawili.

Mnara wenyewe hatukupanda. Una mita 330, foleni ndefu, ukaguzi wa mabegi, mama akauliza huko juu anaenda kumtafuta nani. Mi nilikuwa nataka kidogo lakini ndo hivo. Usiku tukapanda boti ya mto Seine, chini ya yuro 20 kila mtu, saa nzima umekaa zako, na kila saa kamili kukishaingia giza mnara unametameta dakika tano, kwahiyo pangeni boti iwe maeneo yale muda huo. Vaeni koti, upepo wa mtoni hauna adabu.

Kilichomfurahisha zaidi mama ni Msikiti Mkuu wa Paris, ulifunguliwa 1926 kuwakumbuka askari Waislamu waliofia Ufaransa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mama akasema hata kwetu Tanga makaburi ya vita hiyo hiyo yapo, akawasomea fatiha wote. Akaswali, af tukaingia mgahawa wa hapo hapo, chai ya nanaa tamu balaa na vitamutamu vya lozi, shomoro wanatua mezani wanaiba makombo. Tulikaa mchana mzima na sijutii, Louvre tukaiona kwa nje tu.

Jumapili asubuhi tukapita Château Rouge, mtaa wa Waafrika, mihogo, bamia, ndizi za kupika, samaki wabichi, kila kitu. Mama kakuta mama mmoja muuzaji wa Bukavu, Kiswahili kikatoka, nikaambiwa nisubiri pembeni. Bei haikushuka hata senti lakini tuliongezewa pilipili mbuzi za bure, na treni ya kurudi tulipanda na begi la mihogo ambalo nililibeba mimi.