Daktari wa mifugo wa Ngamiani aliyemtibu paka wangu homa ya mgunda

Nilingoja kwanza paka apone ndipo niandike, maana sifa za haraka hazimsaidii mtu anayetafuta daktari wa kweli hapa Tanga. Sasa nasema bila wasiwasi: mwenye paka anayeumwa aende kwa kijana huyu wa Ngamiani. Pahala pake ni chumba kimoja tu na benchi la nje, hata bango limefifia, lakini kazi yake nimeiona kwa macho yangu.

Mimi nauza nafaka Makorora. Ghala la mchele na mahindi likikosa paka, panya ndio wenye duka, kwa hiyo Simba, dume langu la rangi ya majivu, ana kazi kubwa kuliko vijana wangu wa kubeba magunia. Masika hii mtaro wa nyuma ulifurika, maji yakaingia hadi chini ya mbao za kupangia magunia. Baada ya hapo Simba akaanza kuzubaa. Dagaa akawa anamnusa na kumwacha. Maji, lakini, hayaachi, hata ya ndoo ya kudekia, na mkojo ukawa kila kona, yeye ambaye siku zote hutoka nje. Duka moja la dawa za mifugo walinipa dawa ya minyoo bila kumtazama mnyama. Hela ikaenda, paka akazidi kukonda.

Huyu kijana alianza kwa kumshika. Alivuta ngozi ya shingoni akaiachia, ikakawia kurudi, akasema mwili umekauka maji. Akamfunua fizi, akamtazama macho kama yana umanjano, akambonyeza kiunoni taratibu, na Simba akalia. Ndipo akauliza: "Mama, hapo ghalani panya ni wengi? Na maji ya mvua yaliingia?" Swali hilo lilinifanya nimwamini, kwa sababu alikuwa anautafuta ugonjwa ulikotoka.

Damu ilionyesha kreatinini iko juu, yaani figo zimelemewa. Akanieleza kwamba bakteria wa leptospira, ndio waletao homa ya mgunda, hukaa kwenye figo za panya bila kuwadhuru sana, hutoka na mkojo wao, na huweza kuishi wiki kadhaa kwenye udongo mbichi na maji yaliyotuama. Paka huwapata kwa kula panya au kukanyaga uchafu huo kisha kujilamba. Paka wengi wakiambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, tofauti na mbwa ambao huugua vibaya, kwa hiyo hata matabibu wengi hawaufikirii ugonjwa huu wakimwona paka.

Hakunidanganya kuhusu kipimo. Alisema kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na vijidudu, zikionekana mara moja zinathibitisha tu kwamba paka aliwahi kukutana na bakteria, hivyo damu huchukuliwa tena baada ya wiki kadhaa ili kulinganisha. Sampuli zilisafirishwa nje ya mkoa. Kingamwili za sampuli ya pili zilipanda mno kuliko za ile ya kwanza, na hapo ndipo alipotamka ugonjwa kwa uhakika. Dawa lakini hakuzichelewesha: dripu siku ileile, na vidonge vya doksisaiklini vya kuua bakteria.

Hivyo vidonge vina namna yake, na alinifundisha mpaka nikaweza. Kichwa cha paka unakishika kwa juu, unakiinua pua itazame dari, taya la chini linaachia lenyewe, kidonge unakitupia nyuma kabisa ya ulimi. Kisha, na hapa alinikazia macho, unampa mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, polepole pembeni mwa mdomo. Kidonge hiki kikinasa kooni mwa paka huchoma, na kovu lake huweza kuziba njia ya chakula. Alinitaka nifanye mbele yake, siyo nitikise kichwa tu.

Tena aliwafikiria watu wa nyumbani. Ugonjwa huu ni ule ule uliozuka Ruangwa, Lindi, Julai 2022, watu 20 wakaugua na 3 wakafariki. Ummy Mwalimu, aliyekuwa mbunge wetu wa Tanga Mjini wakati ule, ndiye alikuwa Waziri wa Afya akautangaza. Nina mkamwana mjamzito. Daktari akasema asiguse mkojo wa paka hata kidogo, na akishikwa na homa aende hospitali aeleze kuna mnyama aliyeugua, kwa sababu maradhi haya huweza kuharibu mimba. Sisi wengine: glovu, jiki iliyochanganywa na maji sehemu 1 kwa 10, na sakafu ikaushwe kabisa, kwani bakteria hawa hawavumilii ukavu. Chanjo ya paka haipo, iliyopo ni ya mbwa. Kinga yetu ikawa kuziba mashimo ya panya, kuinua magunia na kuzibua mtaro.

Kasoro zipo. Gharama ya kusafirisha sampuli hakunitajia mapema, nikaijua wakati wa kulipa, na kwa mfanyabiashara mdogo hilo linauma. Majibu yanachukua muda mrefu mno. Usiku hapokei mgonjwa, wala hana mahali pa kumlaza paka, dripu ikiisha unarudi naye nyumbani.

Simba anakula, uzito umerudi, ingawa daktari amesema figo hazitakuwa kama zamani na kila baada ya miezi michache apimwe. Mnaokwenda, mbebeni paka ndani ya kikapu chenye mfuniko, benchi lile hukaliwa na mbwa pia. Asubuhi ndiyo nzuri kabla hajatoka kwenda kwa wafugaji wa ng'ombe, na ulizeni bei ya kila kipimo kabla sindano haijaingia.