Uzoefu wangu na Thunderbird: kutunza karatasi za barua pepe kwenye kompyuta ya nyumbani, Tanga

Kwa anayeandika barua pepe zenye sura, yaani mwaliko wa arusi, salamu za Idi au barua ya kikundi yenye nembo juu, Thunderbird ndiyo programu ninayoipendekeza kwa kompyuta ya nyumbani. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukitumia mafolda yaliyo ndani ya mashine yako, bando likiisha bado unafungua, unasoma na unaandika. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu haina sehemu maalumu ya karatasi za mapambo, yaani barua zilizopambwa tayari, kama ilivyokuwa Outlook Express, programu ya zamani ya barua pepe ya Microsoft. Kazi hiyo imeachiwa folda ya Templates (violezo), na folda hiyo ina tabia zake.

Lakini panga mafaili kwanza, programu baadaye. Karatasi ya barua pepe ni faili la .htm, yaani ukurasa ulioandikwa kwa msimbo wa HTML, pamoja na picha zake, na shida nyingi huanzia pale faili linapokaa Documents, picha Downloads, nembo Desktop. Tengeneza folda moja, iite KARATASI, na ndani yake kila pambo liwe na folda yake: arusi-01, idi-01, kikundi-01. Picha za pambo zikae humo humo. Fungua faili la .htm kwa Notepad uangalie anwani za picha: ziandikwe kwa jina tupu, src="pindo.jpg", zisianze na file:///C:/Users. Jina tupu hufuata folda popote unapoihamishia. Anwani ndefu hufa ukibadilisha kompyuta, na kibaya zaidi, kwako picha inaonekana vizuri ilhali mpokeaji aliye Muheza anaona kisanduku kitupu.

Majina ya picha yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi, na bila ritifaa. Hili la ritifaa linatuhusu sana sisi waandishi wa Kiswahili. Windows inaikubali ng'ombe.jpg bila neno, lakini ndani ya msimbo ambao anwani zake zimefungwa kwa alama moja ya kunukuu, ritifaa hiyo huikata anwani katikati na picha haitokei. Andika ngombe.jpg.

Kuhusu pambo lenyewe, hapa Tanga wengi hupenda mchoro wa kanga, na unapendeza kweli kwenye barua ukifuata mpangilio wa kanga yenyewe: pindo lirembwe, mji, yaani sehemu ya katikati, uachwe mtulivu kwa maandishi. Pindo la juu lenye upana wa pikseli 600 na kimo cha 60 hadi 80 linatosha, JPEG isiyozidi KB 100. Picha iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa huwa na MB kadhaa, na ikiingia kwenye barua pepe huongezeka kwa takribani theluthi moja, kwa kuwa hugeuzwa kuwa herufi ili iweze kusafiri. Gmail inakuruhusu kutuma viambatisho vya hadi MB 25, lakini si haki kumlisha mwenzio MB 10 za mapambo kwa bando lake.

Karatasi za zamani zenye pindo upande wa kushoto zina ugonjwa mwingine. Zilichorwa kwa skrini zenye upana wa pikseli 800 au 1024. Picha ya nyuma hujirudia inapoishia, kwa hiyo kwenye skrini ya 1366 pindo linaibuka tena kulia, juu ya maandishi. Dawa ni kuirefusha picha ifike upana wa 1920 kwa rangi tupu, na kuweka nafasi ya kushoto kwenye msimbo ili maneno yasipande juu ya pindo.

Sasa Thunderbird. Ingia Account Settings, kisha Composition & Addressing, uhakikishe kuandika kwa HTML kumewekewa tiki. Hapo hapo, kwenye Copies & Folders, elekeza violezo vikae Local Folders, yaani mafolda ya ndani ya kompyuta yako. Ukiacha vikae kwenye seva, vinaweza kutegemea mtandao. Fungua barua mpya, chagua Insert, halafu HTML, ubandike msimbo wa faili lako. Picha hazitaonekana, kwa sababu programu haijui folda yako iko wapi. Bofya mara mbili kila kisanduku kitupu, chagua picha kutoka KARATASI, na uache tiki kwenye "Attach this image to the message". Tiki hiyo ndiyo inayoifungasha picha ndani ya barua. Rangi ya karatasi iko chini ya Format. Ukimaliza, File, Save As, Template.

Kabla ya kumtumia yeyote, badilisha jina la folda ya KARATASI kwa muda, ujitumie barua mwenyewe, na uifungue kwenye simu. Picha zikitokea, zimo ndani.

Wakati wa kutumia kiolezo, bofya kulia uchague "New Message from Template". Jirani yake, "Edit Template", hubadilisha kiolezo chenyewe, na wengi hupoteza karatasi safi kwa njia hiyo. Kichwa cha kila kiolezo kianze na aina yake, ARUSI, IDI, KIKUNDI, ili vikipangwa kwa kichwa vikae pamoja.

Muziki uache, programu za leo haziupigi. Maandishi meupe juu ya picha nyeusi pia yaache, maana Outlook ya kawaida ya Windows (classic) hupuuza picha nyingi za nyuma zilizowekwa kwa CSS, yaani msimbo wa mapambo ya ukurasa, na maneno meupe yatabaki juu ya weupe.

Kila folda ya Local Folders ni faili moja kubwa. Ukifuta barua, faili halipungui mpaka uchague Compact (kubana folda), na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo faili laweza kuharibika. Kwa hiyo ifanye laptopu ikiwa na chaji, au kompyuta ikiwa kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ukitaka nakala ya violezo peke yake, funga programu, ingia folda ya profaili (mahali Thunderbird inapotunza barua na mipangilio yako), Mail, Local Folders, uchukue faili liitwalo Templates lisilo na kiambishi. Lile la .msf ni faharasa tu. Likifutwa linajengwa upya.

Nakala hiyo usiiweke kwenye fleshi unayoipeleka kuprinti stesheneri za Ngamiani. Virusi vya kwenye fleshi huficha mafolda na kuweka shotikati mahali pake. Yakishafichwa, usiformati wala usibofye shotikati. Safisha fleshi kwa antivirusi, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya fleshi yako. Mafolda yatarudi, nawe ufute shotikati zilizobaki.