Brutus wa Jukwaani na Brutus wa Historia

Wanaosoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar, mtawala wa Roma, mara nyingi huchanganya Brutus wawili: mhusika wa tamthilia, na Mroma halisi aliyeshiriki kumuua Caesar.

Brutus wa Shakespeare ni mwadilifu kupindukia. Katika tendo la nne, onyesho la tatu, anamkaripia Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Caesar, kwa rushwa na kudai kwamba yeye hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Brutus wa historia alikuwa mkopeshaji mkali. Barua za Cicero, mwanasiasa Mroma wa wakati huo, zinaonyesha aliukopesha mji wa Salamis, kisiwani Kupro, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Wakala wake aliwazingira madiwani kwa askari wapanda farasi hadi watano wakafa njaa. Kwangu, tofauti hii ndiyo nzito kuliko zote, maana tamthilia nzima imeegemea usafi wa mtu huyu.

Mahali na muda pia havilingani. Jukwaani Caesar anauawa Capitol, kilima cha mahekalu mjini Roma. Kwa kweli aliuawa katika ukumbi uliojengwa na Pompey, jemadari Mroma. Vita vya Philippi, ambako Brutus na Cassius walishindwa, vinaonyeshwa kama vya siku moja, ilhali yalikuwa mapigano mawili ya Oktoba 42 KK, yaliyopishana takriban wiki tatu.

Kosa moja wanalo wote wawili: walimwacha Antony, rafiki wa Caesar, hai, wakamruhusu ahutubie mazishini kwa Caesar.

Swali la mtihani likiuliza tabia au dhamira, jibu kwa maneno ya tamthilia pekee. Riba ya Salamis iweke kwenye swali linalotaka ulinganishe mwandishi na historia. Kwingineko itaharibu hoja yako.