Machozi bandia ya CMC 0.5% kwa anayemeza imatinibu: yanafaa wapi, yanakwama wapi

Kichupa ni cha mililita 10, na kwenye lebo utaona herufi CMC (carboxymethylcellulose, kilainishi cha jicho) na 0.5%. Hakihitaji cheti cha daktari. Kwa mwenye leukemia sugu ya mieloidi (saratani ya damu) anayemeza vidonge vyake vya imatinibu kila siku, matone haya yanafanya kazi moja na kuifanya vizuri: kulainisha jicho kavu. Macho yanayochoma jioni, au yanayokwaruza kama yana mchanga baada ya safari ya boda kwenye vumbi, hutulia kwa dakika chache. Hata jicho linalotiririka huenda ni kavu: likikauka huwashwa, likiwashwa humwaga maji mepesi yasiyolainisha chochote.

Tone moja latosha. Jicho hubeba mikrolita 30 hivi, na tone la kichupa huzidi hapo, basi la pili huishia shavuni. Vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, dondosha, fumba bila kukaza kwa dakika moja. Ncha isiguse kope wala kidole. Seli nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikishushwa na imatinibu, kijidudu kidogo tu hupata mwanya. Kichupa hakiazimwi, hata kwa mke.

Hesabu yake inapendeza. Mara 4 kwa siku, macho mawili, ni matone 8. Kichupa hutoa karibu 200, yaani siku 25, na vichupa vingi vya aina hii hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Anayetia mara mbili tu kwa siku atamwaga karibu nusu. Inauma, lakini andika tarehe ya kufungua kwa kalamu na uiheshimu. Usikiache juani kwenye dashibodi ya gari.

Kasoro kubwa ni kihifadhi, kemikali inayozuia vijidudu kuota kichupani. Tafuta maneno benzalkonium chloride kwenye lebo. Yakiwepo, usizidishe mara 4 kwa siku, maana kemikali hiyo huchubua uso wa jicho. Mtu hudhani ukavu umezidi, akaongeza matone, akazidi kujiumiza. Anayehitaji zaidi anunue vile vichupa vidogo vya dozi moja visivyo na kihifadhi. Ni ghali, na vinastahili. Kero ndogo: ukungu wa muda mfupi baada ya kutia, kwa hiyo si wakati wa kushika usukani.

Sasa pale yanapokwama. Kope zinazovimba asubuhi, zikanywea kufikia mchana, hazitibiwi kwa matone: imatinibu huufanya mwili ushike maji. Punguza chumvi, lalia mito miwili, umweleze daktari wa saratani. Anaweza kukupa dawa ya kukojosha maji. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako. Doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho hutisha kuliko linavyodhuru, lakini likijirudia omba kipimo cha damu waangalie chembe za kugandisha.

Ukiona ukungu wa ghafla, madoa meusi yanayoelea au sehemu ya picha imekatika, achana na kichupa. Seli nyeupe zikiwa nyingi mno damu huwa nzito, mishipa myembamba ya retina (utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho) huziba au kuvuja. Hiyo ni safari ya siku hiyohiyo: kwa walio Uganda, hospitali ya Mulago au idara ya macho ya hospitali ya Mengo jijini Kampala, au hospitali ya macho ya Ruharo kwa walio Mbarara. Waambie watanue mboni watazame nyuma ya jicho. Kusoma herufi ukutani pekee hakutoshi.

Alama: 4 kati ya 5, kwa jicho kavu tu. Na muuzaji akikwambia CMC imekwisha, akakupa “dawa ya macho mekundu”, soma lebo. Ikiwa na dexamethasone, ambayo ni steroidi, mrudishie. Wekundu utaisha haraka, ndiyo maana hupendwa, lakini wiki kadhaa za matone hayo huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, na kama wekundu ulitokana na virusi vya malengelenge (herpes), kioo cha mbele cha jicho (konea) huchimbika.